Nishushe Stesheni

Ukija Namichenje mwambie dereva akushushe Stesheni.
Hatakuuliza stesheni ipi.
Atakuacha penye kibanda cha kuchaji simu,
mkabala na ghala la korosho,
na hutaona reli, wala behewa, wala mtu wa kukukatia tikiti.
Ndipo hapo. Umefika.

Walikuja na matrekta yaliyokuwa vifaru vitani,
na karanga zilizokwisha kuvunwa kwenye makaratasi,
zimepakiwa, zimeliwa Ulaya,
kabla mvua haijaulizwa.
Udongo wetu uliwasikiliza mpaka mwezi wa sita,
kisha ukafunga mlango, ukawa tofali.
Plau zikang'oka meno.
Lakini reli ilikuwa imeshafika, na garimoshi halina haya:
likaendelea kuja, Jumanne na Ijumaa,
na ufuta, na makopa, na maharusi,
na siku moja jeneza la mwalimu Nampesya
lililolipiwa nauli ya gunia.

Babu yangu Hokororo alikuwa mshika bendera.
Viatu alivaa Jumanne na Ijumaa tu.
"Siku hizo," bibi alisema, "alikuwa na mke mwingine,
na mwenzangu anatoa moshi."

Garimoshi la mwisho halikuleta mtu.
Lilirudi pwani kinyumenyume,
na wanaume wa mataulo mabegani
waling'oa njia mbele ya pua yake, wakampandishia mgongoni,
kama mtu anayekunja mkeka
na bado ameukalia.

Vyuma vilivyosalia vilipakiwa kwenye lori, vikazidi tela.
Utingo akaomba kitambaa chekundu.
Babu akaingia ndani, akatoka na bendera,
akaifunga yeye mwenyewe, mafundo mawili,
kwenye ncha ya reli.
Miaka kumi na miwili alisimamisha treni kwa bendera ile.
Siku hiyo haikusimamisha kitu.
Ya kijani bibi aliifunikia ungo wa dagaa.

Basi sisi tumebaki na tabia za reli.
Tunawahi. Ukitualika harusi saa nane,
saa saba tumeshakaa juu ya mizigo yetu, tunakutazama unavyofagia.
Mume asiyerudi, tunasema kapanda lori la vyuma.
Mgombea akiahidi maji, wazee kwa vijana wanakohoa: karanga hizo.
Timu yetu inaitwa Injini. Haijawahi kushinda ugenini.
Mataruma yamekuwa kivuko cha mtaro,
kizingiti cha msikiti,
na moja limebana mlango wa Chitanda muuza pombe
usiku mikopo ikizidi.

Na juu ya tuta, pasipotuama maji,
Bi Somoe Mtalika analima mbaazi.
Shamba lake lina upana wa hatua tano.
Urefu wake hakuna aliyewahi kuumaliza.

Mwaka juzi walikuja vijana wa fulana za kung'aa,
na darubini ya miguu mitatu, na vigingi vya buluu.
Reli mpya, walisema, safari hii ni ya makaa na chuma.
"Mama, unajua hapa zamani palikuwa na nini?"
"Mbaazi," akasema.
Wakacheka, wakapigilia, wakaenda zao.
Kigingi kimoja amemfungia mbuzi.
Anakisifu: serikali kwa kupigilia haijambo.

Kipande kimoja tu hakikupanda lori.
Kinaning'inia shuleni kwa mnyororo wa baiskeli,
na saa moja na nusu asubuhi mtoto wa zamu anakigonga kwa bolti.
Wanafunzi wanakimbia, soksi mkononi.
Na kule sokoni, Esha muuza vitumbua,
aliyezaliwa miaka kumi baada ya lori,
anainua beseni lake kichwani,
anatazama upande wa bara,
halafu analitua.